Mtoto aliyeanza vibaya hajaharibika

Pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, dagaa wakianikwa, hutakosa kusikia: "Baba mlevi, nyumbani njaa, huyo atakuwa mwizi tu." Maneno haya ni ya miaka mingi, na hata walimu wengine huyaamini.

Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, 698 kwa jumla, tangu mimba hadi utu uzima. Karibu theluthi walianza na mkosi juu ya mkosi: umaskini, uzazi wa shida, wazazi walevi au wagonjwa wa akili. Mmoja kati ya kila watatu wa hao alikua vizuri tu. Wengi wa waliobaki walisumbua ujanani, kisha wakatulia ukubwani, walipopata elimu, kazi, au ndoa yenye amani.

Waliosimama mapema walikuwa na angalau mtu mzima mmoja asiyewachoka, na si lazima mzazi. Bibi wa Ujiji asiyejua kusoma, lakini kila jioni anamwambia mjukuu, "Hebu lete daftari nione," yumo kabisa.

Hatari yenyewe si hadithi, lakini. Mtoto akichelewa kukaa au kusema, apelekwe kliniki mapema.