Kwa simu, mikono ya daktari ni yako

Mgonjwa wa presha anayekaa Mtongwe, akiwa na miadi ya saa mbili asubuhi, hutoka kwake alfajiri. Apande matatu, avuke feri ya Likoni, apande matatu nyingine, halafu akute foleni. Akikaa mbele yangu nampima, presha iko juu. Ni maradhi au ni safari? Namwambia apumzike, nimpime tena.

Miadi ya namna hii ndiyo iliyobadilika zaidi tangu matibabu kwa simu yashike, hasa Aprili 2020, njia za kuingia na kutoka Mombasa zilipofungwa kwa ajili ya korona na wagonjwa wetu wa Kwale na Kilifi wakabaki ng'ambo. Fikra yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1905, Willem Einthoven wa Uholanzi alipitisha mapigo ya moyo ya wagonjwa kwenye waya wa simu, kutoka hospitalini hadi maabara yake, kama kilomita moja na nusu. Kivuko cha Likoni hakifiki nusu ya masafa hayo! Hapa Kenya, sheria inayosimamia huduma hizi kwa mapana ni Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023.

Kwenye simu nakosa mikono. Siwezi kukubonyeza tumbo wala kusikiliza mapafu, kwa hiyo maneno yako yanabeba mzigo mkubwa zaidi. Na maneno yetu ya pwani yana mitego. Mtu akiniambia "nina mshipa", huenda ni ngiri, huenda ni busha, huenda ni maumivu ya kinena tu. "Kichomi" chaweza kuwa nimonia au msuli uliovutika. Kliniki ningekuona unaposhika. Kwa simu nitakuuliza: wapi hasa, tangu lini, kinazidi ukivuta pumzi? Usichoke na maswali.

Vipimo navyo vinakuwa kazi yako. Mashine ya presha iwe ya kufunga juu ya kiwiko, mkono usiwe na nguo, uwe usawa wa moyo. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishana. Kahawa tungu isubiri, maana ndani ya nusu saa inaharibu kipimo. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, na uandike namba zote mbili. Wagonjwa wengi huniletea ile nzuri tu, nami naelewa kwa nini, lakini dawa haipangwi kwa namba za kufurahishana. Vipimo vya nyumbani vikizoea kufika 135/85 na kupita, tuna jambo la kuzungumza.

Kama kuna wakati simu imetufaa sana, ni Ramadhani. Mgonjwa wa sukari anahitaji kuzungumza na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu baadhi ya dawa hushusha sukari mchana wa saumu, na kipimo cha dozi au saa ya kuitumia lazima ibadilike kati ya daku na futari. Zamani alikuja mara moja, akaondoka na maagizo, basi. Sasa wiki ya kwanza ananitumia namba zake, nami narekebisha. Mashine ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue hapo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana iadhiniwe.

Wenzangu wa watoto huomba video. Mama amfunue mtoto kifua akiwa ametulia, wahesabu pumzi dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni mtoto wa kuletwa hospitali. Na homa haiambiwi malaria kwa simu, inataka damu.

Kuna ambayo hayataki simu kabisa: kifua kinachobana, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu ghafla, mjamzito anayeumwa kichwa na kuona ukungu. Huyo atafutiwe gari.

Kabla hujalipa, uliza jina kamili la daktari na ulitafute kwenye daftari la Baraza la Madaktari, lililoko mtandaoni. Asiyetaka kulitaja, mwache.

Limebaki la faragha, ambalo kliniki mlango ulilimaliza. Nyumba zetu zina watu. Daktari yumo kwenye spika, mawifi wako ukumbini, na swali ni la hedhi. Nunua visikizi. Ukikosa, niambie tu "nina wageni", nami nitauliza yale ya kujibiwa ndiyo au la.