Nolde alipigwa marufuku, sawa, ila hakuwahi kumpinga Hitler

Wiki hii tena. Mtu kaniletea picha ya maua ya popi nyekundu ya Emil Nolde, mchoraji wa Ujerumani, nimwekee fremu, sijapima hata upande mmoja ananiambia ni chapa ya mkono, na huyu ndo yule aliyechora maua kwa siri sababu alimpinga Hitler. Jamani, nimechoka.

La kwanza nalimaliza haraka: hiyo sio chapa ya mkono. Chapa zake za ubao na lithografu (chapa za jiwe) zipo na ni kali kweli, ila hizi popi ni rangi za maji, alikuwa analowesha karatasi ya Kijapani mpaka rangi inatokea upande wa pili, ulichonacho ni picha yake iliyopigwa kwa ofseti, yaani mashine ya kiwandani. Shika lenzi, utaona vidoti.

Sasa hili la Hitler. Ni kweli Wanazi walibeba kazi zake 1,052 kutoka makumbusho ya Ujerumani, hakuna msanii mwingine aliyebebewa nyingi hivyo, 1937 baadhi yake wakazianika Munich ili watu wazicheke, 1941 wakamfungia asiuze wala asionyeshe. Watu wanaishia hapo! Huyohuyo alikuwa mwanachama wa chama chao tangu 1934, na 1933 alimchongea msanii mwenzake Max Pechstein serikalini kwamba ni Myahudi, na wala hakuwa, hebu fikiria kuchongewa hivyo Ujerumani ya mwaka ule. Halafu 1938, kazi zake zishabebwa, bado anamwandikia Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, kujitetea kuwa yeye ni mwenzao, arudishiwe picha zake. Alikuwa anawataka, wao ndo hawakumtaka. Hadithi ya mhanga aliijenga baada ya vita, ikadumu mpaka watafiti wakafungua makaratasi yake, na maonyesho ya Berlin ya 2019 yakayaweka hadharani. Angela Merkel, kansela wa Ujerumani wakati huo, alikuwa na picha mbili za Nolde ofisini, moja bustani ya maua ya 1915, zikatoka mwaka huo hazikurudi.

Kinachonisumbua ni kwamba maua yenyewe ni mazuri mno. Kule Seebüll, nyumbani kwake kaskazini mwa Ujerumani, yeye na mkewe Ada walipanda bustani yenye njia za herufi A na E, na nimeyatazama maua yake miaka nikitafuta ile chuki, siioni. Ningeiona labda ningelala vizuri.

Fremu nimeitengeneza. Nyuma nimeandika kwa penseli: Nolde, alizaliwa 1867, chamani 1934. Akija kuichukua nitamgeuzia asome.