Je, Wajua? Kwa Nini Mwongozaji Hukataa Kuingia Korongoni Huku Jua Likiwaka

Anayefika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, siku ambayo mbingu haina wingu juu yake, huweza kushangaa akiambiwa kwamba leo hakuna kuteremka katika korongo la Ol Njorowa. Ameshalipa, amekwisha kufunga viatu, na chini ya kingo anaona mchanga mkavu. Mwongozaji naye anamwonyesha wingu jeusi lililotanda mbali, upande wa Mlima Longonot. Wapo wanaodhani kwamba ni uvivu, na wapo wanaodhani kwamba wanatafutiwa kitu kidogo. Sababu hasa ni mbili: jinsi maji yanavyosafiri, na jinsi mtu anavyoamua mambo anapozungukwa na kundi linalomtazama usoni.

Korongo hili lilichongwa zamani sana na maji yaliyofurika kutoka ziwa lililokuwa kubwa kuliko Ziwa Naivasha la leo, yakitafuta njia ya kuelekea kusini. Ziwa liliposhuka, njia ile ilibaki ikiwa ufa mrefu katika miamba ya volkeno, na mahali pengine ufa huo ni mwembamba hivi kwamba watu hupita mmoja nyuma ya mwenzake. Mvua ikinyesha kwenye miteremko ya juu, maji ya vijito vingi hukutana humo. Penye uwanda yangetambaa tu yakifika vifundoni, lakini yakishabanwa kati ya kuta mbili hupanda kimo kwa dakika chache na kukimbia kwa nguvu ya kung'oa mawe. Kwa hiyo aliye chini anaweza kusombwa na mvua ambayo hakuiona wala haikumlowesha hata nywele.

Dalili zipo, na mwongozaji aliyefunzwa huzijua. Kijito chembamba kilichokuwa kikipita wazi miguuni hugeuka rangi ya udongo. Vijiti, majani makavu na povu huanza kuelea juu yake. Kisha husikika mngurumo unaofanana na lori linalopanda mlima likiwa mbali. Shida ni kwamba dalili hizo zikionekana, muda uliobaki ni mfupi, na sehemu za kutokea ndani ya korongo ni chache, nyingine zikihitaji mtu kushikwa mkono au kushushiwa kamba. Kundi la watu kumi, likiwa na mtoto mmoja na mtu mmoja anayeogopa kupanda, haliwezi kutoka kwa dakika tatu. Sera nzuri ya usalama haimtaki mwongozaji awe hodari wa kukimbia mafuriko. Humtaka asiwe ndani yanapokuja.

Nchi yetu ilijifunza jambo hili kwa uchungu mkubwa. Mwezi wa Aprili 2012, vijana 7 wa kundi la kanisa walifariki katika korongo hilo baada ya maji kuwajia ghafla. Mwezi wa Septemba 2019 maji yalichukua tena watu 7 palepale, mwongozaji akiwa miongoni mwao, na korongo likafungwa kwa wageni wakati huo. Anayeongoza hana kinga yoyote ambayo wageni wake hawana, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kutoka kwa sababu amebaki kuwasukuma wengine juu.

Sasa tufike kwenye sababu ya pili, ambayo naiona kuwa kiini cha jambo lote. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kuandika kanuni, ilhali mwongozaji ana macho na uzoefu? Ni kwa sababu uzoefu wenyewe huweza kumdanganya. Mtu aliyeingia korongoni mara nyingi chini ya wingu kama lile bila kupatwa na lolote huanza kuamini kwamba wingu lile halina madhara, ingawa kilichomwokoa siku hizo zote huenda kilikuwa bahati. Ongeza hapo mwalimu aliyeleta wanafunzi kutoka mbali, basi linalosubiri kwa malipo ya siku, na wageni wanaosema, "Twende haraka tu, tutarudi kabla haijanyesha." Katika hali hiyo, kila dakika ya kusitasita inamvuta mtu upande wa kuendelea. Kanuni iliyoandikwa asubuhi mezani, kabla ya kelele zote hizo, humtoa mwongozaji katika mashindano hayo. Haimlazimu kumshinda mgeni kwa hoja, kwa maana anaweza kusema kwa utulivu: wingu likiwa upande ule, hatuingii, na huo ndio utaratibu wetu.

Kanuni ya aina hiyo hufaa tu ikiwa inapimika. Maneno kama "kuwa mwangalifu wakati wa mvua" hayamsaidii mtu yeyote, kwa kuwa kila mmoja atayafasiri apendavyo. Maneno kama "usiingie iwapo mvua inaonekana mahali popote penye miteremko inayolisha korongo, au iwapo utabiri wa leo unataja ngurumo" yanamwachia mtu nafasi ndogo sana ya kujidanganya.

Mfano mchungu wa udhaifu wa mfumo unatoka New Zealand. Tarehe 15 Aprili 2008, wanafunzi 6 na mwalimu wao walikufa katika korongo la mto Mangatepopo wakiwa kwenye safari ya kituo cha mafunzo ya nje, baada ya mto kufurika kwa mvua kubwa. Waliochunguza msiba huo waligundua kasoro nyingi zilizofuatana: habari kamili za utabiri wa hali ya hewa hazikumfikia aliyezihitaji, mwongozaji hakuwa na uzoefu wa kutosha wa korongo lile, na mawasiliano ya redio yalikuwa mabovu kati ya kuta za mawe. Hakuna hata moja kati ya kasoro hizo ambayo ingeweza kuzibwa na ujasiri wa mtu mmoja. Baada ya vifo hivyo na vingine vilivyotokea katika michezo ya hatari, nchi hiyo ilitunga kanuni mwaka 2011 zinazowalazimu waendeshaji wa shughuli hizo kukaguliwa usalama wao na wakaguzi wa nje.

Tukirudi kwetu, magharibi mwa Kenya hatari hubadilika sura, lakini kanuni huandikwa kwa njia ileile. Mchana, upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria na kupanda kuelekea nyanda za juu, ukakutana na upepo wa mashariki juu ya Nandi, Kericho na Kakamega. Hewa hupaa, mawingu hujengeka, na alasiri ngurumo huanza. Ndiyo sababu mwongozaji anayepeleka kundi kwenye ukingo wa Nandi au kwenye kilima kilicho wazi katika msitu wa Kakamega husisitiza kuondoka alfajiri. Kwa radi kipo kipimo ambacho kila mtu anaweza kukitumia: mwanga ukionekana, hesabu sekunde mpaka usikie mshindo. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde 3, kwa hiyo ukisikia kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na kundi linapaswa kuwa limekwisha kushuka na kuingia ndani ya jengo au gari lililofungwa. Shughuli hurejelewa dakika 30 baada ya mshindo wa mwisho, na kila mshindo mpya huanzisha hesabu upya. Kusimama chini ya mti mmoja mrefu ni kosa, hata mvua iwe kali namna gani.

Kwenye Mlima Elgon jambo kuu ni saa ya kugeuka. Koitobos, kilele cha upande wa Kenya, kina mita 4,222. Mwongozaji makini hutaja saa hiyo kabla kundi halijaanza kutembea, tuseme saa sita mchana, na ikifika wote hugeuka, hata kama kilele kinaonekana na kimebaki mwendo mfupi. Alasiri ukungu huweza kufunika njia, na karibu na ikweta giza huingia upesi baada ya jua kutua. Wanaotoka Kisumu, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,130, wana hatari nyingine: gari linaweza kuwafikisha juu ya mita 3,000 siku hiyohiyo, na mwili haujazoea hewa nyembamba. Ni afadhali kulala kwanza Kitale au karibu na lango. Mtu akilalamika kwamba kichwa kinamuuma na anahisi kichefuchefu, hapandi tena mpaka apone. Akianza kupepesuka, mwongozaji humwambia atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, hateremshwi kesho asubuhi bali sasa hivi, hata ikiwa ni usiku, na hateremki peke yake.

Iko pia karatasi ya safari, ambayo wengi huiona kuwa urasimu. Ina majina ya wote, simu za ndugu zao, maradhi na dawa wanazotumia, njia itakayofuatwa, na saa ambayo mwongozaji ameahidi kupiga simu akisharudi. Nakala moja hubaki na mtu aliye mjini, ambaye kazi yake imeandikwa wazi: saa ile ikipita bila simu, anangoja muda uliokubaliwa, kisha anawaita askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na kupiga 999 au 112. Mtu huyo hatakiwi kukisia wala kuona aibu ya kusumbua watu. Bila yeye, kundi lililokwama mahali pasipo mtandao huenda lisitafutwe mpaka kesho yake.

Kanuni hizi zote huvunjika iwapo aliye chini kicheo haruhusiwi kusema. Msaidizi anayetembea nyuma ya kundi ndiye anayemwona mgeni anayechechemea na wingu linalokuja kwa nyuma. Kwa hiyo sera bora humpa kila mfanyakazi, hata aliyeanza kazi jana, haki ya kusimamisha safari, na mkubwa wake hulazimika kusimama kwanza ndipo wajadiliane. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inaelekea upande huohuo: mfanyakazi anatakiwa kuripoti hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo mpaka hatari irekebishwe.

Linalobaki ni fedha, ingawa ni nadra kulikuta katika vitabu vya mafunzo. Waongozaji wengi ni vibarua wa siku, na anayelipwa tu kundi likifika mwisho wa safari amepewa sababu ya kuingia korongoni. Ukiwa unaandaa safari ya shule, ya kanisa au ya ofisi, muulize mwenye kampuni kabla ya kulipa: mkigeuka njiani, je, mwongozaji atalipwa ujira wake wote, na je, kundi litarudishiwa fedha au litapewa siku nyingine? Dai majibu hayo yawe yameandikwa, na wasomee wenzako kabla basi halijaondoka.