Manakish si pizza, na ule mfuko wa mkate hatuukati kwa kisu

Jumamosi saa mbili asubuhi, foleni imefika mlangoni, nje baridi ya Montreal inakata masikio, akaingia kijana mmoja wa kwetu, Kiswahili chake cha Bujumbura kabisa. Akanyoosha kidole kwenye manakish za zaatari, ile mikate bapa ya Kilebanoni iliyopakwa majani ya viungo juu, akasema, "Kaka, nipe hiyo pizza ya majani, halafu niwekee na ketchup." Mimi nina miaka tisa nachoma mkate wa Kilebanoni kwenye duka hili na hayo maneno nimeshayasikia kwa lugha nne. Safari hii nikaona bora niandike nipumue.

Jamani, manakish si pizza. Si pizza ya Waarabu, si pizza ya mtu aliyeishiwa jibini. Jina lenyewe linakwambia. Ikiwa moja inaitwa manushe, na linatoka kwenye neno la Kiarabu naqasha, yaani kuchonga au kutia michoro, mzizi uleule uliotupa sisi nakshi, hizo unazoziona kwenye milango ya Lamu na Mji Mkongwe. Sasa nakshi ya manushe ni vidole. Donge likishaumuka unalitandaza mpaka liwe duara la ukubwa wa sahani, halafu unalibonyeza uso mzima kwa ncha za vidole, vishimo vishimo, na msifikiri ni urembo tu, vile vishimo vinazuia mkate usifure kama puto na vinashika mafuta yasikimbilie kwenye trei. Kijana mpya akija kazini hiyo ndo kitu ya kwanza namfundisha, na wote wanabonyeza kwa woga kama wanapapasa mtoto mchanga. Bonyeza!

Juu yake inaenda zaatari, na hapa pia watu wanakosea, wanadhani ni majani makavu tu. Ni mchanganyiko: majani ya mmea wenyewe wa zaatari yaliyokaushwa na kusagwa, ufuta uliokaangwa kidogo, chumvi, na sumaki, ule unga mwekundu wa vitunda vikavu wenye uchachu wa kama ukwaju. Unaukoroga na mafuta ya zeituni uwe mzito wa kupakika. Usiwe mchoyo wa mafuta, zaatari kavu ikikutana na moto mkali inaungua na inakuwa chungu. Dakika chache tu kwenye moto mkali, inatoka, unaikunja katikati na nanaa, nyanya, tango na zeituni, unakula kwa mkono na chai pembeni. Ni chakula cha asubuhi. Wazee wa kule wanawaambia watoto zaatari inafungua akili, wanawalisha kabla ya mtihani, hiyo sijui, ila mimi shule ilinishinda kabla sijaijua zaatari kwa hiyo siwezi kubisha.

Na kuna jambo pizza haina. Zamani, na vijijini bado wapo, mama anakoroga zaatari yake nyumbani anaipeleka kwa mchoma mkate wa mtaa, ambaye anatoa donge na moto tu. Kila nyumba na zaatari yake, na pale kwenye foleni ndo habari zote za mtaa zinapatikana. Ndo maana Desemba 2023 UNESCO waliiingiza manushe ya Lebanoni kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na kikao chenyewe kilifanyika kule kwetu Afrika, Kasane, Botswana. Halafu wewe unaniomba ketchup.

"Lakini mbona ipo ya jibini?" Ipo ndiyo. Jibini ya akkawi, jina limetoka mji wa Akka, inakuja na chumvi kali mpaka tuiloweke majini na kubadilisha maji, usipofanya hivyo mteja anakunywa jagi zima. Haina sosi ya nyanya chini, haikatwi pembetatu. Ukishindwa kuchagua, omba nusu zaatari nusu jibini, wenyewe wanasema nos b nos, na sikio lako la Kiswahili limeshaelewa.

Haya, mengine haraka haraka maana donge linaniumukia.

Eti mfuko wa mkate wa Kilebanoni tunaupasua kwa kisu. Hapana, ni mvuke. Mkate mwembamba unaingia kwenye joto kali ghafla, maji ya ndani yanageuka mvuke, ngozi mbili zinaachana, unavimba kama mpira. Ukijaribu nyumbani weka oveni mwisho wake, trei iwe imeshawaka moto kabla, na usukume usawa bila kuchana, kitundu kidogo tu mvuke unatoka na unabaki na chapati.

Eti mikate yao yote ni hiyo ya mfuko. Kuna markuk, mwembamba unaona mwanga ukiuinua, mkubwa kama leso ya kichwani, unatandazwa juu ya mto wa duara kisha unapigwa juu ya saj, chuma kilichobinuka kama karai lililofunikwa kifudifudi. Na kuna wa tannur, tanuri la udongo, ambao mtu aliyekula mkate wa mofa hahitaji maelezo.

Eti tabule ni saladi ya bulgur, ile ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa. Ni saladi ya paslei, bulgur ni ya kunyunyizia.

Eti ile sosi nyeupe ya kwenye kuku ni mayonezi. Ni tum, yaani thomu yetu hiyohiyo, kitunguu saumu, inapondwa na chumvi, limau na mafuta yanayomiminwa taratibuuu mpaka inakuwa nyeupe.

Na tafadhali acheni kuweka mkate kwenye friji, friji ndo inaukausha upesi. Utakaoula leo uache kwenye mfuko wa plastiki mezani, uliobaki tia friza siku hiyohiyo, ukiutaka unaupasha moja kwa moja.

Yule kijana nilimpa manushe yake bila ketchup. Alikula amesimama hapohapo mlangoni, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye glovu, akarudi kwenye foleni kuomba pizza ya pili.