Je, wajua kwa nini ukigongwa na gari Uganda bima inalipa milioni moja tu?

Ajali ikitokea, neno la kwanza utalisikia pale barabarani ni "usijali, gari ina bima". Konda anasema, dereva anasema, hata wale waliokuja kuangalia tu nao wanasema. Na kweli ina stika ya bima, si uongo. Ila kitu hawakwambii, na pengine wenyewe hawajui, ni kwamba ile bima ya thadi pati inayotakiwa na sheria, yaani ya kumlipa mtu wa tatu aliyeumizwa na gari, ikikulipa mpaka mwisho wa uwezo wake, inakupa shilingi milioni moja. Basi. Hata kama mguu umekatwa. Na kama wameumia wengi kwa ajali moja, wote kwa pamoja hawavuki milioni 10, kwa hiyo taksi ya abiria 14 ikipinduka kule Lugazi hata hiyo milioni mojamoja haiwafikii wote.

Sasa watu wanalaumu kampuni za bima, ati wezi. Wako wasumbufu, hilo sibishi, lakini kwenye hii ya milioni moja kampuni inafuata kilichoandikwa. Sheria yenyewe ni ya 1989, na waliotunga waliweka kiwango kwa shilingi, tarakimu kabisa ndani ya sheria, bila kipengele cha kusema kiwango kitapanda bei za vitu zikipanda. Wakati huo shilingi ilikuwa imetoka kukatwa sifuri mbili mwaka 1987, na dola moja ya Marekani mwaka 1989 ilikuwa shilingi 200 na kitu. Piga hesabu mwenyewe: milioni moja ilikuwa zaidi ya dola 4,000, hela ya kumtibu mtu na ikabaki. Leo dola imepita shilingi 3,500, milioni ileile haifiki dola 300. Hakuna mtu aliyepunguza fidia, wameiacha tu palepale miaka yote hii na shilingi ikaendelea kushuka. Kwa maoni yangu hiyo ni mbaya kuliko kupunguza, maana kitu kikipunguzwa waziwazi angalau watu wangepiga kelele.

Halafu kuna mengine stika haigusi kabisa. Thadi pati ya Uganda ni ya miili ya watu, yaani kifo na majeraha. Simu yako iliyopasuka, pikipiki yako iliyokunjwa, ukuta wa duka lako uliobomolewa na lori, hiyo yote haimo. Dereva mwenye kosa naye akiumia haimlipi, maana yeye si mtu wa tatu, stika inawalinda wengine dhidi yake. Ndio maana mwenye boda aliyelipia stika yake vizuri kabisa, akiteleza mwenyewe pale Bwaise akavunjika mkono, anashangaa anaambiwa hapati kitu.

Haya, zilizobaki nani analipa? Mwenye gari. Hapa ndo watu wengi wanapoachia njiani. Ile milioni moja ni mwisho wa kampuni ya bima, si mwisho wa haki yako. Kama dereva alikuwa mzembe na alikuwa kwenye kazi ya bosi wake, bosi anabeba uzembe wa dereva, na korti inaweza kukupa milioni 5 au 50 au zaidi kulingana na ulivyoumia. Bima inatoa kipande chake, salio linatoka mfukoni kwa mwenye gari. Na ukiona gari ni la kampuni au gari la bei, uliza kama lina bima kubwa, ile ya komprihensivu, kwa sababu kiwango chake kwa watu wa tatu kwa kawaida ni kikubwa kuliko hicho cha stika. Wengi hawaulizi, na upande wa pili hawana haraka ya kukwambia.

Shida nyingine ni kumjua huyo mwenye gari ni nani. Magari mengi hapa yameuzwa mara mbili mara tatu na kadi ya gari bado iko kwa jina la mtu wa kwanza ambaye hata hajui gari yake ya zamani ilipoishia. Kwa hiyo usikamate jina la dereva peke yake. Piga picha namba ya gari, piga picha stika yenyewe kwa karibu ionekane jina la kampuni, namba ya stika na tarehe inayoisha, na pamiti ya dereva, yaani leseni yake, kama anakubali. Kama wewe uko chini huwezi, mwambie yeyote aliye karibu, na fanya mapema, maana gari ikishavutwa mpaka polisi kuna vitu vinabadilika, unakuta stika ni mpya kuliko ajali.

Sasa tuje kwa mawakili, kwa sababu hapa video za Marekani zimewaharibu watu. Kule wakili wa ajali anajitangaza kwenye mabango, hulipi chochote mpaka ushinde, ukishinda anachukua asilimia, mara nyingi theluthi moja. Mtu wa Kampala anaona kwenye simu, anaenda kwa wakili anamwambia tugawane. Hapa wakili hawezi kukubali, kanuni za maadili ya mawakili zinakataza wazi mkataba wa kugawana pesa za hukumu, iwe kwa asilimia au kwa njia nyingine. Ukimpata anayekubali kwa mdomo, jua tayari amevunja kanuni, na siku mkikosana huo mkataba hautakusaidia.

Kwa hiyo unalipaje? Kuna ada ya kumpa kazi, kuna gharama za kufungua kesi, kuna usafiri, kuna daktari wa kuandika ripoti. Ada zina kanuni zake, na mkibishana juu ya bili iko njia ya korti kuikagua na kuikata kama imezidi. Zuri moja ni kwamba kwa kawaida aliyeshindwa anaamriwa kumlipa mshindi gharama za kesi. Baya ni kwamba unatoa kwanza, na unaweza kukaa miaka hujarudishiwa. Hapo ndo hesabu ya 1989 inauma zaidi: hakuna wakili mwenye akili atakayehangaika kwa ajili ya milioni moja, na aliyeumia hana cha kutanguliza. Kama uko hivyo, Chama cha Mawakili Uganda kina mradi wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, na Justice Centres Uganda nao wanasaidia bure. Madai mpaka milioni 20 hakimu wa daraja la kwanza anayasikiliza, mpaka milioni 50 ni hakimu mkuu, yakizidi hapo ni Mahakama Kuu.

Kitu kinachoua kesi nyingi si wakili hata, ni karatasi. Korti ya Uganda inagawa fidia mafungu mawili. Maumivu, ulemavu, maisha yaliyobadilika, hayo jaji anakadiria mwenyewe. Lakini hela uliyotoa, yaani dawa, eksrei, plasta, magongo, boda ya kwenda kliniki, lazima uitaje moja moja na uithibitishe, ukisema tu "nimetumia kama milioni tatu hivi" jaji anaiacha pembeni. Risiti nyingi za famasi zetu zinachapwa kwenye ile karatasi laini inayofutika ikipata joto, kwa hiyo zile unazojaza kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, na kuweka juu ya kabati, ukizitoa baada ya mwaka ni nyeupe. Zipige picha siku ileile. Muuzaji akikupa kikaratasi kisicho na mhuri wala tarehe, mrudishie aandike vizuri, usione aibu.

Polisi nako kuna mawili unayohitaji. Moja ni fomu namba 3, ile daktari anajaza majeraha yako. Ya pili ni ripoti ya ajali yenye mchoro wa barabara na ukaguzi wa magari. Bila ripoti bima haifungui hata faili. Na hakikisha jina lako liko ndani ya ripoti kama majeruhi, kuna abiria wanakimbizwa hospitali ya Mulago kabla askari wa trafiki hajafika, kesho yake ripoti inasema watu watatu kumbe walikuwa watano.

Kuhusu kumalizana. Mwenye gari anakuja wodini na matunda na laki tano kwenye bahasha, na karatasi ya kusaini. Matunda kula. Karatasi isome, na kama hujui kusoma Kiingereza cha mawakili tafuta wa kukusomea, kwa sababu ikisema umepokea malipo kamili na ya mwisho, umefunga mlango wa korti kwa laki tano, na hapo bado hujajua kama mfupa utaunga. Hata kampuni ya bima nayo ina fomu yake ya kumaliza madai kabla ya kutoa cheki, uliza wazi kama unamalizana na bima peke yake au unamfutia na mwenye gari.

Muda wenyewe ni huu: kesi ya majeraha yaliyotokana na uzembe una miaka 3 toka siku ya ajali. Lakini kama lililokugonga ni gari la serikali, zile zenye namba za UG, au UP za polisi, au H4DF za jeshi, au gari la wilaya, ni miaka 2 tu. Na kampuni ya bima ikikuzungusha njoo kesho njoo kesho, Mamlaka ya Bima, ile IRA, ina ofisi ya malalamiko na hawachaji kitu, peleka nakala za barua zako zote zenye mhuri wa kupokelewa.

Wale wa mipakani, Malaba, Busia na Mutukula, wataniuliza malori ya nje. Lori la Kenya, Tanzania, Rwanda au Kongo likiingia Uganda linatakiwa kuwa na ile kadi ya njano ya COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo inafanya bima yake itambulike huku, na inahesabiwa kwa sheria ya nchi ajali ilipotokea. Maana yake likikugonga Tororo hufuati madai Nairobi, yanashughulikiwa hapahapa Uganda, na kiwango chake ni kilekile cha 1989. Namba ya hiyo kadi iandike siku hiyohiyo, kwa sababu dereva akishavuka mpaka, kumpata tena ni kazi.