Dinari ya Faustina: kongwe, lakini si adimu

Kwa muda mrefu watu wengi wameamini kwamba sarafu ya Kirumi yenye umri wa karibu miaka 1,900 lazima iwe adimu na ya bei kubwa. Imani hiyo si sahihi, na dinari za Faustina Mkubwa, yaani sarafu za Kirumi za madini ya fedha, zinaonyesha wazi sababu yake.

Faustina, mke wa Kaisari Antoninus Pius, alifariki mwaka 140, na Seneti ikamtangaza kuwa miongoni mwa miungu. Mumewe, aliyetawala hadi mwaka 161, aliendelea kumuenzi kwa sarafu, hata nyingi kati ya zile zenye sura yake zikapigwa chapa yeye akiwa amekwisha kuzikwa. Hizo hutambulika kwa neno la Kilatini DIVA (aliyefanywa mungu) lililotangulia jina lake. Upande mmoja anaonekana akiwa na misuko iliyozungushwa na kufungwa utosini, kazi ya mkono inayostahili kutazamwa kwa makini. Upande wa pili wa baadhi yake amesimama Ceres, mungu wa kike wa nafaka, ameshika masuke na mwenge.

Mwaka 1929 huko Reka Devnia, Bulgaria, ilifukuliwa akiba ambayo dinari zake zilizoorodheshwa zinazidi 80,000, na za Faustina zimo kwa wingi. Kwa hiyo bei hutegemea zaidi idadi iliyosalia, uzima wa chapa na hamu ya wakusanyaji, kuliko umri wa sarafu yenyewe.