Je, wajua kwa nini tasnifu nyingi za uzamili huhoji watu 384?

Fungua tasnifu kadhaa za sosholojia katika maktaba ya chuo kikuu hapa Nairobi, nenda moja kwa moja kwenye sura ya mbinu, na nambari 384 haitakawia kujitokeza. Moja inahusu bodaboda, nyingine vyama vya akina mama, nyingine vijana wasio na kazi. Mada ni tofauti, waliohojiwa ni idadi ileile, kwa sababu nambari hiyo hutoka kwenye fomula.

Fomula yenyewe hunasibishwa na mwanatakwimu William Cochran. Chukua 1.96, thamani ya kiwango cha uhakika cha asilimia 95, uizidishe kwa yenyewe upate 3.8416. Zidisha kwa 0.5, kisha kwa 0.5 tena: hujui ni sehemu gani ya watu wana sifa unayoitafuta, na nusu kwa nusu ndiyo hali inayodai sampuli (idadi ya watu wa kuhojiwa) kubwa kuliko zote. Sasa una 0.9604. Gawanya kwa mraba wa kosa utakalovumilia, yaani kiasi ambacho jibu lako linaweza kupotoka kutoka hali halisi. Kosa la asilimia 5 lina mraba wa 0.0025. Unapata 384.16, na kwa haki ingeandikwa 385, maana sampuli ikipunguka chini ya jibu, kosa linazidi lile uliloahidi.

Ukubwa wa mji haumo kwenye hesabu hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, na hata wangekuwa mara mbili jibu lisingebadilika. Jamii lengwa, yaani watu wote unaowachunguza, ikiwa ndogo ndipo sampuli inapopunguzwa: kwa wafanyabiashara 600, 384.16 inagawanywa kwa 1 jumlisha 383.16/600, na wanaohitajika wanakuwa 235. Wengi huiruka hatua hii wakajichosha bure.

Lakini tatizo kubwa liko kwingine. Fomula hii hujibu swali la aina moja tu: ni asilimia ngapi? Tuseme mwanafunzi anataka kuchunguza uuzaji kwa deni miongoni mwa mama mboga wa Kangemi, mtaa wa Nairobi. Akiuliza ni wangapi kati yao hukopesha wateja, 384 ina kazi. Akiuliza wanaamuaje nani akopeshwe na nani akataliwe, hojaji 384 zenye visanduku vya kutia alama zitampa majedwali mazuri yasiyojibu swali lake. Hata swali la asilimia lina mtego wake: ukiigawa sampuli hadi ubaki na kundi la watu 40, kosa linapanda kutoka asilimia 5 hadi zaidi ya 15 kila upande.

Kwa hiyo anza na swali, uliandike kwa sentensi moja. Kisha tafuta nadharia itakayokusaidia kuchagua cha kuuliza. Hapa ndipo mapendekezo mengi ya utafiti hulegea: nadharia inatajwa kwa kurasa mbili, halafu haionekani tena. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alitofautisha mahusiano ya karibu na mahusiano ya mbali, akaonyesha kwamba ya mbali ndiyo huleta habari mpya. Kwa mama mboga, tofauti hiyo inageuka kuwa maswali: aliyekopeshwa ni ndugu, jirani wa ploti, mwenzake wa chama, au mpita njia anayeshuka steji kila jioni? Kama nadharia haikuzalishia hata swali moja, umeiweka ya mapambo.

Swali la "wanaamuaje" linataka mahojiano ya kina. Wangapi? Mwaka 2006 mtafiti Greg Guest na wenzake walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona mada mpya zilikuwa zimekaribia kukauka kufikia ya 12. Wanawake hao walifanana kwa mengi. Ukiwa na makundi mawili, wenye vibanda sokoni na wanaotandaza bidhaa kando ya barabara, panga 12 kwa kila kundi. Mahojiano 24 ya dakika 45 ni saa 18 za sauti, na kuandika maneno ya saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita, zaidi pale Kiswahili, Sheng na lugha ya nyumbani vinapochanganyika. Ratiba isiyo na saa hizo itakwama.

Ukitafuta wa kuwahoji kwa orodha ya wenye vibanda, utawakosa wale wa kando ya barabara, na huenda hao ndio wenye madeni magumu zaidi. Wafuate walipo, tena mchana kabla wateja hawajaanza kurudi kutoka kazini. Jioni utapata majibu ya neno moja. Jaribu maswali kwanza kwa watu wanne au watano wa soko jingine. "Je, unawaamini wateja wako?" litajibiwa ndiyo na kila mtu. "Mara ya mwisho kumkatalia mtu deni ilikuwa lini, na alikuwa nani kwako?" litafungua mazungumzo.

Vibali vina mpangilio wake. Pendekezo hupita idarani, kisha kamati ya maadili, halafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, na ndipo unajitambulisha kwa maafisa wa eneo, chifu akiwemo. Usikusanye data kwanza ukitumaini karatasi zitafuata: kamati ya maadili haibariki kazi iliyokwisha kufanyika.

Na kuhusu daftari ambamo mama mboga huandika madeni, ambalo kwa mtafiti ni hazina: mwenyewe anaweza kukubali ulisome, lakini majina yaliyomo ni ya wateja ambao hawakuulizwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu pia. Usilipige picha. Mwombe akusomee kiasi, tarehe na uhusiano, bila jina, nawe uandike hayo tu.